Tuta Namba Kumi na Tisa

Siku Fundi alipoondoka, Mwalimu alijua kabla hajaambiwa, kwa sababu alikuta spana zimepangwa.

Zilikuwa juu ya gunia, hatua tatu kutoka kwenye kisima cha shule, ndogo mbele, kubwa nyuma, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Pampu ilikuwa imefutwa mpaka rangi yake ya bluu, ambayo hakuna aliyejua kama ipo, ikaonekana. Ufunguo wa stoo ulining'inia msumarini. Kwa miezi miwili na nusu Mwalimu alikuwa amemzoea mtu yule kwa vitu vyake vilivyotupwa ovyo: bisibisi kwenye majani, koleo juu ya ukuta, kitambaa cha oili begani kilichosahauliwa huko tangu jana yake. Mtu atakayerudi kesho hapangi spana.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Wanafunzi wa zamu walisimama na ndoo tupu.

"Mwalimu, Fundi anaumwa?"

"Sijui."

"Basi tuwashe wenyewe?"

"Subirini."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Hakupiga mara ya pili. Alikuwa na kiburi fulani alichorithi kwa mama yake, kile cha mtu aliye radhi kukaa na njaa kuliko kuomba kwa jirani. Aliinama, akaimiminia pampu maji kikombe kimoja kimoja mpaka ikajaa, akavuta kamba ya kuwashia. Iliwaka mvuto wa kwanza. Hilo nalo lilimuuma, kwamba mtu alikuwa amemfundisha vizuri kiasi cha kuweza kuondoka.

Yeye hakuwa mwalimu kamili bado. Alikuwa ametoka chuoni kwa mazoezi ya kufundisha, muhula mmoja tu, na shule ilimpa kile ambacho walimu wengine walikikimbia: kusimamia miradi ya kilimo ya kidato cha tatu. Matuta thelathini na mawili. Nyanya, karoti, kabichi, vitunguu. Kila mwanafunzi na tuta lake, kibao chake na daftari lake. Mwalimu mwenye somo, mzee ambaye shule nzima ilimwita Mzee Mbolea hata mbele ya mkewe, alimkabidhi siku ya kwanza kwa maneno machache.

"Mwanangu, mgongo wangu umestaafu kabla yangu. Matuta ni yako. Mimi nitakuwa pale kivulini nikikukosoa."

Mwalimu alikuja na kanuni mbili, na aliziandika ubaoni kwa herufi kubwa. Ya kwanza: tuta ni la mwenyewe. Anayekusaidia akushauri kwa mdomo. Akigusa kwa mkono, amekuibia alama. Ya pili: andika kila unachokiona shambani, kila siku, hata kama unakiona ni upuuzi. Kila Ijumaa alikusanya madaftari, akayasaini kwa wino mwekundu, akayarudisha Jumatatu.

Na kanuni ya tatu hakuiandika popote, ilikuwa ya moyoni mwake: asizoeane na mtu. Muhula mmoja ni mfupi. Hiyo ndiyo aliyoivunja wiki ya kwanza.

*

Alikuwa amevuta kamba ya pampu mpaka kiganja kimechubuka. Wanafunzi walikuwa wanatazama, na yeye, mwenye cheti chenye alama za juu za zana za kilimo, alikuwa anatokwa jasho kama aliyeitwa mbele kujibu swali asilolijua.

"Umeinywesha?" Sauti ilitoka nyuma yake.

"Nini?"

"Pampu. Umeinywesha maji?"

"Pampu ndiyo inayoleta maji," alisema Mwalimu kwa ukali.

"Ndiyo. Na wewe mgeni akifika kwenu, unamwomba akupikie kabla hujampa hata maji ya kunywa?" Yule mtu alichuchumaa, akafungua kifuniko kidogo juu ya pampu, akamimina maji taratibu. "Ikiwa kavu inavuta hewa. Utavuta kamba mpaka sikukuu. Sasa jaribu."

Alijaribu. Ikanguruma. Wanafunzi wakashangilia, na Mwalimu hakujua kama wanaishangilia pampu au aibu yake.

"Chuoni hawakukufundisha hilo?"

"Walinifundisha. Nilisahau."

"Mkono lete." Aliutazama ule mchubuko, hakuugusa. "Hapo utakumbuka."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa kucheka. Akawa anafika mapema kuliko zamu. Akawa anamkuta Fundi ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai ya chupa, na kikombe cha pili kiko pale kimefunikwa kwa sahani. Walizungumza juu ya vidukari wa kabichi na bomba linalovuja, lakini unaweza kuzungumza juu ya bomba linalovuja kwa sauti ambayo mtu wa tatu akipita anaona haya, anaharakisha.

Mara nne katika muhula ule kichujio cha chini kiliziba, na Fundi akashuka kisimani kukisafisha. Alikuwa na kamba yake mwenyewe ya kushukia, nene, ya rangi ya majani makavu, yenye fundo jekundu mwishoni. Hakuazima ya mtu wala hakuazimisha yake. Kila aliposhuka, Mwalimu alikaa kwenye jiwe na kuhesabu. Alihesabu mpaka mia mbili, mia tatu, huku midomo ikichezacheza, na Fundi akitoka na matope usoni alimkuta amekauka kama udongo wa kiangazi.

"Unaogopa nitazama, Mwalimu?"

"Naogopa utachelewesha zamu ya karoti."

Hakumwambia kwamba baba yake alikuwa mchimba visima. Hakumwambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na mmoja walimleta baba huyo nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, na kwamba nywele zake zilikuwa na matope ambayo mama aliyaosha kwa maji ya ndoo tatu, peke yake, akikataa kusaidiwa. Maneno hayo aliyakalia. Alijiambia atayasema siku nyingine.

Jioni moja Fundi alimsindikiza mpaka nyumbani, akimbebea madaftari. Mama alikuwa barazani kwenye cherehani yake, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama kawaida. Alikuwa fundi wa nguo, na hiyo futi alienda nayo mpaka misibani, kwa kusahau. Alimpokea mgeni vizuri. Alimpa kiti.

"Kazi yako nini, baba?"

"Visima na pampu, mama."

Cherehani ilisimama. Mama alivunja uzi kwa meno, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka mgeni alipoaga.

Njiani kurudi getini, Fundi alicheka kidogo. "Mama yako hakunipenda."

"Amechoka tu."

"Basi mavuno yakiisha nitakuja na wazee wangu, nimpumzishe." Aliacha kucheka. "Nasema kweli. Jumamosi ile ya mavuno nachukua zamu ya mwisho ya maji, namaliza kazi ya muhula, na Jumapili niko kwenu na shati lililopigwa pasi. Utakubali?"

Mwalimu hakujibu kwa mdomo. Kesho yake, kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni mwa stoo, mstari wa mwisho, Jumamosi jioni, aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe: Fundi.

Na siku nne baadaye, spana zilikuwa zimepangwa.

*

Wiki ya kwanza watu walimwonea huruma, na huruma ya walimu wenzako ni sawa na kuwashwa na upupu.

"Mafundi ndivyo walivyo," alisema Mzee Mbolea kutoka kivulini. "Kama mvua. Haisemi nakuja, haisemi kwaheri."

"Sijamuuliza mtu, mzee."

"Nami sijakujibu wewe. Nazungumza na mbolea."

Wiki ya pili aliacha kula mchana. Hakuwa akilia. Afadhali angelia. Alikuwa hatulii tu: anakaa anasimama, anafungua dirisha analifunga, anapita kwenye matuta mara tatu wakati mara moja inatosha. Aliwakaripia wanafunzi kwa kung'oa machipukizi ya nyanya vibaya, kisha akaona wameyang'oa sawasawa. Kila pikipiki iliyopita nje ya ukuta ilikuwa ya Fundi mpaka ilipopita. Tangu Ijumaa ya wiki ya kwanza alisaini madaftari yote thelathini na mawili kwa dakika ishirini, akiandika "Vizuri sana" bila kufungua macho. Kila Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo.

Nyumbani mama alishona. Hakuuliza kitu. Hilo Mwalimu alilichukua kuwa ni heshima ya mama kwa mtoto aliyeumizwa, akamshukuru kimoyomoyo.

Jumatano ya wiki ya nne, Mzee Mbolea alikuja mpaka stoo kwa miguu yake, jambo ambalo halikuwa dogo.

"Mkaguzi wenu wa chuo anakuja keshokutwa. Namjua yule mama. Hatazami matuta. Anachukua daftari moja, lolote, analisoma mwanzo mpaka mwisho, halafu anakuuliza. Yako uliyasoma au uliyasaini?"

Mwalimu aliutazama wino mwekundu kidoleni mwake.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema mzee, akaondoka.

Basi mchana ule, baada ya vipindi, aliyakusanya madaftari yote, akakaa juu ya mfuko wa samadi stoo na kuanza. Kumi na nane ya kwanza yalimchukua saa mbili. La kumi na tisa lilikuwa la binti mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wenzake walimwita Karani kwa sababu aliandika hata kile ambacho mwalimu alikohoa. Mwalimu alianza kulisoma na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alitabasamu.

"Jumatatu. Kiwavi mmoja ameonekana jani la nne. Ameuawa. Jumanne. Kuku wa mlinzi ameingia. Amefukuzwa. Hakuuawa. Jumatano. Mzee Mbolea amesema nyanya zangu zina aibu kama bibi harusi. Sikumwelewa. Nimemwagilia."

Akaendelea kufungua ukurasa baada ya ukurasa. Jumatatu nyingine. Aliitazama tarehe, na tabasamu likamtoka. Ilikuwa ile siku ya kabla ya spana.

"Jumatatu, saa nane mchana. Nilikuwa napalilia. Mama mmoja mwenye futi ya kushonea shingoni alikuja pampuni. Hakukaribia kisima, alisimama mbali. Fundi alizima pampu ili amsikie vizuri. Mama alisema: mume wangu waliniletea ana matope ya kisima kichwani, binti huyu sitazaa mwingine, kama unampenda niachie. Fundi alisema: nimesikia, mama. Mama alilia. Fundi alimpa maji ya kunywa na akamsindikiza. Pampu haikuwashwa tena. Maji hayakufika tuta namba 19 siku hiyo."

Chini yake, kwa wino mwekundu uliokolea: "Vizuri sana. Endelea hivyo." Na sahihi yake.

Alisoma mara nne. Kisha akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye tuta namba kumi na tisa. Karani alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti.

"Hii uliandika wewe?"

Binti alirekebisha miwani. "Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mwalimu." Alishangaa kweli. "Ulisaini."

Mwalimu aliitazama sahihi yake.

"Ulisema tuandike kila tunachokiona, hata kama ni upuuzi. Nikafikiri umesoma na umeamua kunyamaza. Wakubwa huwa mnanyamaza." Karani alikaza fundo. "Nimekosa alama?"

"Hapana. Hujakosa." Alimrudishia daftari, kisha akalichukua tena. "Naomba niazime mpaka kesho."

*

Nyumbani, cherehani ilikuwa inakimbia sebuleni, mlango ukiwa wazi. Mama alikuwa anashona sketi za shule, zimerundikana miguuni, na mguu wake kwenye kikanyagio haukupunguza mwendo Mwalimu alipofika.

"Umewahi leo."

Mwalimu aliweka daftari juu ya sketi, limefunguliwa. Mama alivaa miwani yake ya kusomea. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza, aliivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni ikawa duara dogo.

"Mtoto huyu anaandika vizuri," alisema.

"Mama!"

"Unataka niseme nini? Ni kweli yote. Hata sehemu ya kulia."

"Wiki tatu. Umeniona nikishindwa kula. Umeniona nikitembea humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Hukusema neno!"

"Nilisema itapita."

"Wewe yako ilipita?"

Mama aliikaza ile futi kidoleni. Barabarani alipita muuza maziwa anapiga kengele yake, akatazama, akaona hapa si pa kusimama, akaendelea.

"Nisikilize, mwanangu," mama alisema mwishowe. "Baba yako alikuwa mtu mzuri. Mimi nilionywa, nikasema mapenzi yatatosha. Yalitosha, sisemi hayakutosha. Lakini kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu nilimfungia kamba kiunoni kwa mikono yangu, na kila jioni nilisikiliza mlango. Hujui kazi ya kusikiliza mlango. Nilipomwona yule kijana pale kwenye kiti, na ukucha wake una lile tope la bluu ambalo haliko juu ya ardhi, niliona unapewa kazi yangu."

"Naijua," alisema Mwalimu polepole. "Nimeifanya mara nne. Nilikaa kwenye jiwe nikahesabu."

Mama alimtazama.

"Naogopa kama wewe, mama. Labda zaidi. Lakini woga huo ni wangu. Ningemwambia mimi. Ningemkataa mimi, kama ni kumkataa. Pale shuleni nina kanuni, watoto wote wanaijua: ukitaka kumsaidia mtu, mshauri kwa mdomo. Ukigusa tuta lake, umemwibia. Wewe umegusa tuta langu. Na yeye akakuachia ung'oe!"

"Hakuniachia." Mama alisema kwa sauti ndogo sana, hata Mwalimu akadhani hakusikia vizuri.

"Umesema nini?"

Mama alisimama. Magoti yalilia. Aliingia chumbani, na Mwalimu akasikia sanduku la vitambaa likivutwa kutoka chini ya kitanda. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye bitana nyeupe, akakiweka mezani na kukifungua, kona moja moja.

Ilikuwa kamba ya rangi ya majani makavu, yenye fundo jekundu.

"Alikuja asubuhi ile aliyoondoka, hata jua halijatoka vizuri, wewe unaoga," mama alisema. "Alisimama pale mlangoni, hakuingia. Akasema, mama, fundi hashuki kwa kamba ya mtu mwingine, na hii yangu nakuachia. Usiku ule alipiga simu akapata kazi karakana ya kutengeneza pampu, mji wa pili. Kazi ya juu ya ardhi. Wanamjaribu miezi miwili. Akasema: sitampigia wala sitapokea simu yake mpaka wewe mwenyewe uzungumze naye, sitaki apate mume kwa kumkosa mama. Nikamwambia nitazungumza naye leo."

"Leo."

"Nilisema leo. Kisha jioni ulikuja umenuna, nikasema kesho. Kesho nikaona unaanza kumchukia, nikasema..." Alishindwa kumalizia. "Nikasema labda Mungu ananisaidia."

Mwalimu aliishika ile kamba. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, na ilikuwa na harufu ya oili na mawe yenye maji. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mama na kumtikisa mabega, yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakufanya hata moja. Alichukua simu ya mama mezani, akatoka barazani na kupiga namba ambayo alijiapiza hataipiga mara ya pili.

Iliita mara moja.

"Haloo?" Nyuma ya sauti kulikuwa na mashine inasaga chuma.

"Mama amesema," alisema Mwalimu.

Mashine ilizimwa.

Alimsikia akipumua, na kwa mbali mtu akiuliza mbona umeme umekatwa.

"Wiki tatu na siku moja," alisema Mwalimu.

"Najua."

"Unajua nini wewe? Unajua jinsi nilivyopita mbele ya wanafunzi thelathini na wawili wakijua kwamba nimeachwa? Mzee Mbolea ananihurumia! Unajua inavyokuwa, kuhurumiwa na Mzee Mbolea?"

"Nilimwahidi mama yako."

"Ulimwahidi mama. Na mimi uliniahidi nini?"

Fundi alisema kwa upole, na upole huo ukawa mbaya kuliko kujitetea: "Na wewe mbona hukuniambia kuhusu baba?"

Mwalimu alishika nguzo ya baraza.

"Nimeshuka kile kisima mara nne mbele ya macho yako," alisema Fundi. "Nikakutania unaogopa. Nikatoka nacheka, matope usoni. Ningejua, mimi..."

"Ungefanya nini?"

"Ningepanda juu. Siku ile ya kwanza. Ningepanda juu."

Ndani ya nyumba mama alikuwa hashoni. Kimya cha cherehani kilikuwa kimesimama mlangoni kama mtu.

"Nimekukasirikia," Mwalimu alisema. "Bado. Usidhani sauti hii ni ya kusamehe."

"Sidhani."

"Mlinigawana ninyi wawili kama kitambaa. Hakuna aliyeniuliza urefu."

"Nikuulize sasa?"

"Si kwenye simu. Uje uniulize mbele yake, na ukiwa umekaa kwenye kile kiti." Alivuta pumzi. "Jumamosi umeandikwa zamu ya maji. Sijaifuta."

Alimsikia akihesabu siku. "Jumamosi hawaniruhusu. Wananijaribu bado. Wanafunga Jumapili tu."

"Basi."

"Mwalimu..."

"Nimesema basi. Jumapili ipo."

Alikata simu kabla sauti haijamsaliti. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, futi imerudi shingoni.

"Haji Jumamosi?"

"Haji."

"Na hiyo zamu yake ataifanya nani?"

"Mimi. Kama kawaida."

Mama alitazama mikono yake mwenyewe, ile yenye alama za sindano, kama anakadiria kitambaa kama kitatosha. Tangu baba afe hakuwahi kukaribia kisima cha mtu yeyote. Hata siku ile ya kwenda kumfukuza Fundi, mtoto wa shule aliandika kwamba alisimama mbali.

"Hiyo pampu yenu," alisema. "Huwashwaje?"

Hasira ilikuwa bado ipo, ilikuwa imekaa palepale, haikutikisika. Lakini Mwalimu alijibu.

"Hunyweshwa kwanza, mama. Kikombe kimoja kimoja. Halafu unavuta kamba."

"Nguvu nyingi?"

"Si nyingi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akarudi kukaa, akaokota sketi iliyokuwa juu. Mguu ulitafuta kikanyagio, ukakipata, ukasita.

Alhamisi asubuhi Karani alirudishiwa daftari lake, limesomwa lote, na chini ya ile Jumatatu "Vizuri sana" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya: "Nimesoma. Asante." Mlangoni mwa stoo, kwenye mstari wa mwisho wa ratiba, jina la Fundi lilikuwa palepale, na pembeni yake kumeongezwa neno moja kwa chaki ya fundi nguo: Mama.

Mkaguzi anafika Ijumaa saa tatu. Nyanya zinachumwa Jumamosi asubuhi, na jioni yake matuta yaliyobaki yanamwagiliwa na mama. Basi la kwanza kutoka mji wa pili hufika Jumapili saa tano.